Jua Halijawahi Kulipwa

Mwezi wa saba, Vingunguti. Kipupwe kinapenya
chini ya mlango, kinashika vifundo vya miguu.
Sanga wa chumba cha tatu, mtu wa Makete,
anatucheka uani, kavaa singlendi, anapiga mswaki:
"Hii nayo mnaiita baridi? Kwetu maji yanaganda ndooni."
Sawa, Sanga. Lakini chumbani kwako hakuna
mtu wa kilo moja na gramu mia tisa
aliyeviringwa kitenge kama andazi kwenye gazeti.

Siku ya kutoka wodini nesi alitupa karatasi na neno moja:
asipoe.
Hakusema kwa shilingi ngapi.

Mita ya LUKU iko juu ya mlango. Zikibaki yuniti nne
inalia kama kifaranga aliyeachwa na mama yake.
Ile hita ya kuchovya, ndoo moja tu ya maji
inakula yuniti nzima na kuramba vidole,
na mzazi anakandwa asubuhi na jioni, siku arobaini.
Nilipiga hesabu kwenye pakiti ya majani ya chai.
Themanini.
Nikageuza pakiti, nikapiga tena upande wa pili.
Nikasema basi mkaa. Lakini kopo la muuza mkaa wetu
kitako chake kimebonyea ndani kama shavu la kibogoyo.

Ndipo akaja mama mkwe, Bi Mwantumu, kutoka Kisarawe,
begi moja na kikohozi.
Hakuniuliza mfukoni mna nini.
Alitaka madumu mawili na masizi ya sufuria.
Akayapaka kwa mafuta yaliyokaangia samaki
mpaka yakawa meusi tii, yananuka kibua.
"Panda," akasema.
Nikapanda batini saa tatu, yeye kashika ngazi,
uwanja mzima unatazama mtu na mkwewe wakianika maji.
Saa tisa nikayashusha. Yalinichoma kiganja.

"Jua hili mnalilaumu mwaka mzima," akasema,
"na hamjawahi kulipa kazi."
Neno hilo nililisikia mara mbili,
maana mwezi ule mimi na kulipa
tulikuwa hatusalimiani.

Maharage yakitokota nusu saa anayaepua,
anayalaza na sufuria yake ndani ya boksi la maranda,
anayafunika mto. Yanaiva humo gizani
bila kumdai mtu.
Suruali yangu ya harusi aliijaza mchanga,
akaifunga miguu, akailaza chini ya mlango.
Sikusema kitu. Hainienei tena.

Usiku zamu ni yangu. Sikudhani amelala, mdomo wazi.
Navua shati. Mtoto anakaa kifuani, ngozi kwa ngozi,
kofia yake ni soksi yangu iliyokatwa.
Bi Mwantumu anatufunga kitenge, anakaza fundo mgongoni,
uso kaugeuzia ukutani, maana mkwe ni mkwe.

Saa nane taa ikazimika. Sifuri.
Nikaingoja ile hofu yangu ya kila mwezi; ikachelewa.
Kitu kidogo kilikuwa kinapiga kwikwi juu ya mbavu zangu.
Sijui nilikuwa nachoma nini humo ndani,
maharage ya mchana, chai kavu,
lakini jasho lilinitoka, mwezi wa saba, gizani,
na vile vinyayo nilivyovishika kwa vidole viwili
vikawa vya moto.

Asubuhi Sanga akabisha hodi, anaomba kiberiti.
Kavaa sweta.
Tukamtazama wote, hata mtoto nadhani.
"Jana," akasema, macho yako kwenye madumu,
"palikuwa na kaupepo kidogo."